Rejeta Upande wa Kushoto

Mimi ndiye niliyeitaka ile rejeta. Naliweka wazi mapema, maana hapa mtaani kuna wenye midomo wanaosema mume wangu alihangaika na pikipiki peke yake huku mimi nimekaa ndani kwenye cherehani nimemnunia. Uongo mtupu. Nilimsumbua mimi, asubuhi na jioni, mpaka akatoka kwenda kuitafuta. Na kama kuna mtu anayeijua ile pikipiki kumshinda yeye mwenyewe, basi ni mimi, kwa sababu nimepakiwa juu yake tangu nikiwa mwembamba.

Mume wangu ni fundi saa. Wateja wanamwita Mzee Dakika, mimi namwita baba Kadogo, kwa jina la utani la binti yetu wa pekee. Siku hizi saa haziletwi sana, kila mtu anaangalia wakati kwenye simu, lakini yeye bado anafungua kibanda chake, anapachika kile kioo chake jichoni na kusubiri. Kazi ikikosekana anarudi nyumbani kuhangaika na pikipiki. Ni ya zamani, ya silinda moja, injini yake inapozwa na upepo tu. Aliinunua kabla Kadogo hajazaliwa. Mimi siwezi kuonea wivu chuma, nina akili zangu timamu, lakini kuna siku niliugua homa mpaka meno yanagongana, akaja kuniuliza kama nimemeza dawa huku anafuta tangi kwa kitambaa, wala hakugeuza shingo.

Juu ya siti ile nina mkao wangu mmoja tu. Nilianguka zamani kwenye sakafu ya kufulia, nyonga ikateguka, ikaungwa vibaya. Siwezi kupanua miguu nikakaa kiume. Nakaa kike, miguu yote upande wa kushoto, mguu mmoja juu ya kikanyagio cha abiria na mwingine unaning'inia. Upande wa kulia haiwezekani, huko kuna ekzosi, ukigusa unaondoka na alama ya maisha. Kwa hiyo kushoto. Miaka yote hiyo kushoto. Sokoni kushoto, hospitalini kushoto, kwenye mazishi ya mama yangu kushoto. Hata watoto wa mtaani walikuwa wakituona tunakuja wananiita Mama Kushoto, nami nawakemea huku nacheka.

Sasa, Kadogo. Kadogo aliolewa na mpasua mawe wa kule juu mlimani, kwenye machimbo ya kokoto. Kijana mpole, anafanya kazi kama trekta, hanywi, hana kelele. Baba yake akaapa kwamba hatakanyaga kule. "Nimemlea mtoto kwa bisibisi ndogo kama sindano, anakwenda kuolewa na nyundo," alisema, akaona ametoa bonge la mzaha, akawa anaurudia kwa kila mteja. Harusini hakwenda. Nilikwenda mimi, nikakaa kwenye kiti cha mama, na kwenye kiti cha baba nikaweka mkoba wangu ili watu wasikione kitupu.

Baada ya hapo nikawa nakwenda kwa kujificha. Namwambia mume wangu nakwenda kutafuta kitambaa cha bitana, kumbe nimekodi pikipiki ya watu nimepanda mlima. Nakaa kidogo, nainuka, nakimbilia kurudi. Siku moja Kadogo akanisindikiza mpaka barabarani akaniambia, "Mama, usije tena hivi."

"Hivi vipi?"

"Kwa kujiiba. Unakaa hapa roho juu, kila mara unachungulia saa. Mume wangu anakuona. Anajiuliza ameiba nini kwa watu. Mkija, mje wote wawili, wewe na baba, mchana kweupe. La sivyo basi, tusalimiane kwenye simu."

Nilidhani ni hasira za siku mbili tatu. Wapi! Kwa ukaidi yule mtoto kamrithi baba yake mzima mzima. Kwenye simu akawa ananiamkia vizuri, ananiuliza nyonga inaendeleaje, ananiambia mvua imenyesha, kwaheri. Nikisema nataka kuja, ananyamaza. Mimi niliyemsimamia mbele ya baba yake, mimi ndiye niliyefungiwa mlango. Lilinikaa kooni hilo, lakini nilimwelewa.

Halafu akajifungua mtoto wa kike. Mkwe ndiye aliyepiga simu, sauti inamtetemeka, ananiita mama kila baada ya neno. Akatuma na picha, imetingishika, unaona blanketi na kitu chekundu katikati, basi. Nikaipeleka ile picha mpaka kibandani kwa mume wangu. Akaitazama kwa jicho lake la kawaida, kisha akapachika kioo akaitazama tena. Namjua, nikaona masikio yake yanasogea.

Nikaanza kazi. Jamani, niliifanya ile kazi! Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia, nikamnyima maneno, nikampikia anachopenda, nikamuuliza ana nywele ngapi nyeusi zilizobaki kichwani na anangoja nini. Mwisho wa yote, jioni moja ananawa mikono, akasema huku amenipa kisogo, "Haya. Tutakwenda. Lakini kwa pikipiki yangu."

Nikasema, "Ile haituwezi kwenye ule mlima."

Ni kweli kabisa. Tulishaujaribu ule mlima zamani, tukienda kwenye msiba wa mteja wake. Katikati ya mwinuko injini ilichemka, ikaanza kugonga tumboni, nguvu zikaisha, harufu ya oili iliyoungua ikatujaa puani. Tulikaa kando ya barabara tunaipepea kwa kofia ya helmeti na gazeti, wapita njia wanatupa pole kama wafiwa. Akiwa peke yake ilikuwa inajikongoja kidogo. Tukiwa wawili, hapana.

"Basi nikodi mimi ya watu, wewe uje na yako," nikasema.

Ebo! Alinitazama kama nimemtukana. "Mke wangu apakiwe na mwanamume mwingine, nami nipo nyuma na pikipiki yangu? Tufike pale kwa mkwe namna hiyo? Si bora nibaki."

Nikameza. Nilikuwa nimemfikisha mbali mno kuanza kubishana naye juu ya heshima yake.

Aliyetupa njia ni Cheche. Huyu ni mchomeleaji wa mageti hapo kona ya mtaa wetu, ana mdomo na ana roho nzuri. Nilimpelekea suruali yake niliyoitia kiraka, nikamlalamikia juu ya mlima. Akaniambia, "Mama, si mfunge rejeta ya oili? Zipo za kuchomekea, hata kama kiwandani hawakuiweka. Oili inatoka kwenye injini, inapita kwenye mpira, inaingia kwenye rejeta ndogo, inapigwa na upepo, inarudi imepoa. Huo mlima mtaupanda mnaongea."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, na nyonga yangu hiyo.

Mume wangu kwanza alidharau. Halafu akawaza. Halafu akapotea siku nzima, akarudi na kiboksi. Ndani kulikuwa na rejeta yenyewe, ndogo, ina mapezi membamba yamepangwa kama meno ya kitana, mipira miwili myeusi, bolti za shaba zenye matundu, na karatasi ya maelezo yenye michoro ya pikipiki nyingine kabisa. "Haikutengenezwa kwa ajili ya hii yetu," alisema, "lakini itaingia." Alisema *yetu*. Nililisikia lile neno nikalishika.

Siku zile za kazi, nisiwe mnyimi, zilikuwa nzuri. Alimwaga oili kwenye beseni langu la kufulia, nikapiga kelele, akacheka. Alifungua bolti ya juu, ile inayopeleka oili kwenye kichwa cha injini, akazichunguza nyuzi zake kwa kioo cha saa. Washa za shaba za zamani, zile pete zinazokaa chini ya bolti, zilikuwa zimekakamaa, akaja nazo jikoni, akazipanga juu ya makaa ya jiko langu mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye kikombe cha maji, chwii. Akaniwekea moja kiganjani. "Umeona? Sasa ni laini. Ikibanwa inakaa vizuri, haivujishi." Nikamwambia laiti na yeye ningeweza kumtia kwenye makaa. Akacheka mpaka akakohoa.

Mipira ilikuwa mirefu, ikabidi ikatwe. Akachukua mkasi wangu wa kukatia nguo. Mkasi wangu! Nilikuta amekwisha kata mpira wa kwanza na makali yamepinda. Siku nyingine ningemtoa roho. Siku ile nilisema tu, "Malizia, maana umekwisha uua," nikashika upande wa pili wa mpira ili akate sawa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nataka kufika kwa binti yangu.

Tuliijaribu rejeta mbele, mimi na yeye. Mimi nimeishika kwa mikono miwili mbele ya injini, chini ya taa, yeye amechuchumaa anapima. Ilipendeza. Kisha akakandamiza usukani kwenda chini, madigadi ya mbele ikapanda, ikakaribia kuigusa. Akakandamiza tena. Akaguna.

"Na tope lote la tairi litarushiwa hapa," akasema. "Mapezi yataziba kabla hatujafika nusu."

"Si utaweka wavu?"

"Nitaona na Cheche."

Kesho yake akaikokota pikipiki mpaka kwa Cheche. Mimi nilikuwa na sare za shule za kumalizia, nilitaka niziondoe mikononi ili keshokutwa tuondoke sina deni la kazi. Nilikuwa naimba. Sauti sina, lakini niliimba.

Mchana nikausikia mlio wake inarudi, mlio mzuri, mzito, hauna kikohozi. Nikatoka na uzi mdomoni. Mume wangu alikuwa ameisimamisha katikati ya uwanja, mikono kiunoni, amejaa majivuno.

"Njoo uone," akasema. "Njoo, njoo. Nimeijaza rejeta oili kwanza kabla ya kuwasha, isije ikakauka juu. Nimetandika karatasi nyeupe chini. Hakuna hata tone."

Nikatazama mbele ya injini. Hakuna kitu. Nikazunguka. Rejeta ilikuwa upande wa kushoto, chini ya siti. Imekaa kwenye kishikio kipya cha chuma kilichochomelewa pale pale pa kikanyagio cha abiria, na kikanyagio chenyewe hakipo, kimekatwa, kimesuguliwa kikawa laini. Ile mipira miwili imepita pembeni ya fremu, imefungwa vizuri, kazi safi ya fundi saa. Rejeta imejitokeza nje upana wa kiganja.

"Hapo tope halifiki," anaendelea kunieleza. "Upepo wa pembeni inapata, nimeigeuza kidogo itazame mbele. Na nikitaka kuifungua, bolti mbili tu."

Niliutoa uzi mdomoni. "Na mimi nitakaa wapi?"

"Wapi kivipi? Si kwenye siti."

"Miguu yangu nitaiweka wapi, baba Kadogo?"

Aliitazama siti. Akanitazama mimi. Akaitazama rejeta, na hapo nikaona anaanza kuelewa, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsalimu njiani.

"Kaa kiume," akasema.

"Na nyonga?"

"Ah." Akajikuna shingo. "Ah, kweli."

Basi. *Ah, kweli.* Ningependa kusema nilipandwa na mori nikapindua beseni. Sikupindua kitu. Mtu nimekaa nyuma yake miaka yote ile, mkono wangu umeshika kiuno chake, na alipofika pa kupima nafasi ya kila bolti na kila washa, mimi sikuwemo kwenye vipimo. Angeniambia amefanya makusudi ningepigana naye. Kwa kusahauliwa sikujua hata nianzie wapi.

"Nitaihamisha," akasema haraka. "Naihamisha, wala usiwe na wasiwasi. Lakini ngoja kwanza niijaribu kidogo pale mwanzo wa mlima, nione kama kweli inapoza. Haina maana kuhamisha kitu kama chenyewe hakifanyi kazi."

Na kinachoniuma, jamani, ni kwamba nilimkubalia. Niliona ni sawa. Niliona amesema jambo la maana. Nikamletea mimi mwenyewe helmeti yake kutoka ndani, nikamwambia awahi kurudi ili Cheche asije akafunga.

Akaondoka. Nikamaliza mashati mawili. Hakurudi. Nikaona muda unakwenda bure, nikajitanda nikaenda kwa Cheche mwenyewe, nimuombe aandae kishikio kingine cha mbele, cha chini zaidi, na wavu wa kuzuia tope, ili mzee akirudi wamalize.

Cheche aliponiona akainua miwani yake myeusi, kisha akaishusha tena, na hakuna kitu alichokuwa anachomelea.

"Cheche, mwanangu. Mmenikatia kikanyagio changu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasema mmenikatia kikanyagio."

Akahangaika na glavu zake. Yule ambaye kwa kawaida ukimuuliza saa anakupa na historia ya saa, leo anatafuta maneno. "Mama, mimi nilimuuliza," akasema.

"Ulimuuliza nini?"

"Kabla sijakata. Nilimwambia, mzee, nikikata hiki, na mama je? Mama si ndiye anayekitumia?"

"Akasemaje?"

"Mama, si mambo ya…"

"Cheche. Akasemaje?"

"Akasema, 'Mama Kadogo hapandi siku hizi. Kata.'"

Nilimwambia asante. Sijui kwa nini nilisema asante. Nikarudi nyumbani napita katikati ya barabara, dereva mmoja ananipigia honi ananiuliza kama nimechoka kuishi.

Kwa hiyo hakusahau. Au alisahau, akakumbushwa, akaona ni rahisi zaidi kunisahau mara ya pili. Nililigeuza hilo huku na huku nimekaa mbele ya cherehani bila kushona. *Hapandi siku hizi.* Ni kweli nilikuwa sipandi siku hizi. Tangu Kadogo aolewe alikuwa hanipeleki popote. Amenishusha mwenyewe, halafu akahesabu kwamba nimeshuka.

Jua lilikuwa linazama aliporudi. Suruali yake ilikuwa nyeupe kuanzia magotini kwenda chini, vumbi la kokoto. Hakuniona nilivyo. Aliegesha, akachuchumaa, akaweka kiganja karibu na injini, akakigusisha, akakiacha pale.

"Njoo uguse," akasema. "Gusa hapa. Zamani ungeungua."

"Umefika wapi?"

"Juu! Mpaka juu kabisa. Gia ya pili, inavuta tu, haitingishiki. Ile rejeta ni kiboko."

"Juu wapi?"

Akasimama, akapangusa mikono kwenye shati. "Kule kule. Kwa Kadogo."

Nikalitazama lile vumbi la suruali yake.

"Sikupanga," akasema. "Nilitaka nifike kwenye ile kona ya kwanza tu nirudi. Nikafika, naona bado baridi. Nikasema niongeze. Nikaongeza. Ghafla naona machimbo haya hapa, na mkwe kaniona. Kaacha nyundo yake anakuja mbio, anavua kofia. Ningefanyaje? Ningegeuza?"

"Na mtoto?"

Basi uso wake ukafunguka. Sijamwona na uso ule tangu tukiwa vijana. "Nimempakata," akasema. "Kanishika kidole, mama Kadogo. Ana vidole virefu, vyembamba, vya fundi saa kabisa. Nimewaambia."

Nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi. Mzee yule na moyo wake mgumu amempakata mjukuu, na kazi hiyo niliifanya mimi. Furaha ikanishika kifuani, halafu nyongo ikapanda nyuma yake, na mimi katikati nimesimama natafuta pa kushika. Nikamuuliza kile nilichokuwa naogopa kukiuliza.

"Kadogo aliniulizia?"

"Aliuliza. Angeachaje kuuliza?" Akachukua kitambaa, akaanza kufuta mapezi ya rejeta, pezi moja moja. "Alilia kidogo, mimi nikamwomba radhi, yaani tulimaliza vizuri sana. Mbele ya mkwe. Halafu akauliza, mama yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nyonga."

"Nyonga yangu imefanya nini leo? Nimetoka kwa Cheche kwa miguu."

Anafuta tu.

"Baba Kadogo. Ulimwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia hukutaka kuja," akasema, kisha akapandisha sauti kabla mimi sijapandisha yangu. "Sasa ulitaka niseme nini? Siku yangu ya kwanza kukanyaga pale, watu wamenikalisha kwenye kiti, nianze kueleza mambo ya kikanyagio? Niseme nimemsahau mama yako? Wangeniona mtu wa namna gani?"

Niliingia ndani nikafunga mlango wa chumbani, nikapiga simu. Iliita mpaka nikadhani haipokelewi.

"Shikamoo mama," akasema Kadogo. Sauti ile ile ya mvua imenyesha, kwaheri.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Baba yako…"

"Baba amekuja. Baba, mama. Niliyedhani ataniona siku ya maziko yangu. Amekuja, ameomba radhi, amempakata mtoto. Na wewe uliyekuwa unaniambia kila siku unakufa kwa hamu, leo umechagua kubaki na cherehani."

"Sikuchagua. Sikujua kama anakuja huko. Aliniambia anakwenda kuijaribu pikipiki."

"Yeye anasema hukutaka."

"Kadogo, rejeta imefungwa upande wangu."

"Nini?"

"Rejeta ya oili. Imefungwa kushoto. Kikanyagio kimekatwa. Nisingeweza kukaa." Nilijisikia ninavyosema. Nilikuwa na neno moja la kweli duniani na lilikuwa linatoka mdomoni kama uongo wa mtoto aliyevunja sahani. "Muulize Cheche mchomeleaji. Alimwambia na…"

Nyuma yake mtoto akalia. Mara ya kwanza nausikia ule mlio. Kadogo akambembeleza, nami nikanyamaza ili nisikie zaidi.

"Mama," akasema aliporudi, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, ambayo ni mbaya zaidi. "Baba mzima amepiga magoti hapa. Wewe unaniletea habari za rejeta. Labda ulizoea kuja kwa kujificha. Labda mchana kweupe, mbele ya watu, ndio unaona aibu na mume wangu. Ungesema tu."

"Mimi? Mimi nimuonee aibu mkwe? Kadogo, mimi ndiye…"

"Mtoto analia, mama. Ukiwa tayari, utakuja."

Ikakatika. Nilipiga tena, ikaita, haikupokelewa.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa ameshanawa, amekaa mezani, anasubiri chakula. Nikampakulia, kwa sababu mikono inajua kazi yake hata kama mwenyewe hupo. Akala vizuri. Katikati ya kula akasema Jumapili anapanda tena, ameahidi kumtengenezea mkwe saa ya baba yake iliyosimama. Akasema kuhusu ile rejeta, amefikiria, si vizuri kuifungua sasa hivi, washa za shaba zikishabanwa na kufunguliwa zinaanza kuvujisha. Ikae kwanza. Mbele ya safari ataona.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe na Kadogo hamjawahi kukosana kwa muda mrefu," akasema. "Mtaongea."

Akaongeza mchuzi. Nilimtazama anavyokula na lile vumbi jeupe la machimbo bado liko kwenye suruali, na mimi niliyemlilia asubuhi na jioni aende kwa mtoto wake, nikajikuta natamani asingekubali kabisa.